Splita ya mbele uliyoifunga nyumbani: dalili za hitilafu, vyanzo vyake na marekebisho

Splita ya mbele ni bamba bapa linalofungwa chini ya bampa na kuchomoza mbele kidogo, ili hewa inayogonga uso wa gari ilikandamize kwa juu huku hewa inayopita chini yake ikiongeza kasi na kupungua shinikizo. Tofauti hiyo ya shinikizo ndiyo inayovuta pua ya gari kuelekea barabarani, nayo huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari likitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu inayoielemea splita huwa mara 4, wala si mara 2. Ndiyo maana splita inayoonekana imara kabisa gari likiwa limeegeshwa inaweza kuanza kucheza, kupinda au kuachia mara tu gari linapoingia barabara kuu.

Kabla ya kufuata dalili yoyote kati ya zinazoelezwa hapa, jiulize mzigo wa splita yako unashikwa na nini. Ngozi ya bampa ni plastiki nyembamba, aghalabu polipropilini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufunika, haikukusudiwa kubeba. Nyuma yake iko boriti ya chuma au ya alumini inayopokea mgongano, na boriti hiyo imefungwa kwenye chesi. Ukingo mdogo wa mapambo unaweza kushikwa na ngozi pekee bila tatizo. Bamba pana linalochomoza sentimita 5 au zaidi haliwezi, na karibu kila hitilafu kubwa niliyowahi kuikagua ilitokana na mtu kuisahau tofauti hiyo.

Kwa upande wa usalama, egesha gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua gari kwa jeki mahali palipoelekezwa na mtengenezaji, kisha literemshe likae juu ya stendi za jeki. Usiingize hata bega chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, na usiweke jeki chini ya splita hata kama inaonekana nene.

Splita haikai sawa na bampa

Malalamiko haya hutokea siku ile ile ya kufunga, na chanzo kinachoongoza ni mpangilio wa kazi. Mtu huanza kona ya kushoto, hukaza kila skrubu kwa zamu, na anapofika kona ya kulia tofauti ndogo ndogo zote zimeshakusanyika hapo na kuacha pengo la milimita kadhaa. Legeza vyote. Tafuta mstari wa katikati kwa kupima kutoka fenda hadi fenda, uweke alama kwa tepe ya karatasi, shika katikati kwanza, kisha nenda nje kwa kupokezana kushoto na kulia bila kukaza chochote mpaka sehemu zote ziwe zimeshika.

Chanzo cha pili ni splita kupinda katika usafirishaji au kwa kuhifadhiwa ikiwa imesimamishwa. Splita ya ABS (aina ya plastiki ngumu) au ya poliurethani inaweza kulazwa juu ya meza tambarare juani kwa saa kadhaa hadi irudi katika umbo lake, au ipashwe kwa bunduki ya hewa moto inayosogezwa bila kutulia mahali pamoja. Faibaglasi na nyuzi za kaboni hazirudi kwa joto. Ukizilazimisha kwa kukaza bolti, zitapasuka leo au baada ya wiki chache. Hizo hurekebishwa kwa kupunguza kwa msasa pale zinapogusa, ukiwa umevaa barakoa na miwani, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu na macho.

Ikiwa bado pengo lipo, angalia bampa lenyewe. Linganisha nafasi kati ya bampa na taa za mbele, na kati ya bampa na fenda, kwa pande zote mbili. Zikitofautiana, gari limewahi kugongwa au klipu za bampa zimekatika, na splita haina kosa. Klipu unaweza kubadilisha mwenyewe, lakini ukikuta boriti iliyo nyuma imepinda, simama hapo na umwite fundi bodi, maana boriti hiyo ni sehemu ya kinga ya abiria na hainyooshwi kwa nyundo nyumbani.

Mara chache zaidi, splita ni ya toleo jingine la gari hilo hilo, kwani watengenezaji wengi hubadilisha bampa katikati ya maisha ya modeli bila kubadilisha jina lake. Ishike kwa mikono ya watu wawili na ulinganishe mikunjo yote kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Baada ya kutoboa, ni vigumu kuirudisha.

Utepe wa gundi wa pande mbili unaachia

Sababu ya kwanza, na kwa mbali sana, ni usafi. Bampa la gari linalotunzwa vizuri limebeba tabaka la nta, silikoni au mabaki ya shampuu, na gundi hushika tabaka hilo badala ya rangi. Angalia upande wa gundi uliobanduka: ukiwa unang'aa na laini, haukuwahi kuishika rangi. Osha kwa maji na sabuni isiyo na nta, kausha, kisha futa kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuta kwa mwelekeo mmoja badala ya kuzungusha uchafu mahali pamoja.

Ikiwa usafi ulikuwa mzuri, fikiria muda na joto. Tepe za povu la akriliki, ambazo ndizo hutumika sana kwenye magari, hufikia takriban nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu kamili baada ya saa 72, katika joto la kawaida la chumba. Gari lililooshwa au kuendeshwa kwa kasi jioni ya siku ile ile limeijaribu gundi kabla haijakomaa. Katika baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi gundi huwa ngumu na haiingii kwenye vinyweleo vya uso unaoshikwa, kwa hiyo pasha sehemu zote mbili zifikie uvuguvugu kabla ya kuzikutanisha. Bonyeza kwa nguvu urefu wote. Gundi ya aina hii hushika kwa shinikizo, na kuigusisha tu hakutoshi.

Sababu ya tatu ni plastiki tupu. Sehemu ya chini ya bampa mara nyingi haijapakwa rangi, na polipropilini tupu hukataa gundi nyingi. Hapo hupakwa kwanza dawa maalumu ya kusaidia gundi kushika, tabaka jembamba, kisha hungojewa ikauke kama maelekezo yake yanavyosema.

Usirudishe utepe uliokwisha kubanduka, hata ukionekana bado unanata. Na kama splita yako ni ile pana, haifai kushikwa na gundi pekee hata ifungwe kwa usafi wa namna gani. Gundi iwe ya kuziba pengo na kuzuia mtetemo, bolti ndizo zibebe.

Nyufa kuzunguka matundu ya bolti

Kukaza kupita kiasi ndiko kunakoongoza. Plastiki na faibaglasi huminyika chini ya kichwa cha bolti muda mrefu kabla mkono haujahisi ugumu, hivyo kaza mpaka washa itulie pande zote, ongeza kama robo ya mzunguko, kisha uiachie nati yenye mpira wa ndani kazi ya kuzuia kulegea. Tumia washa pana, za aina ya fenda, juu na chini. Skrubu za kujichimbia zinazouzwa pamoja na splita nyingi hubana eneo dogo sana, na mimi huzibadilisha kwa bolti za M6 (kipenyo cha milimita 6) za chuma cha pua kila mahali ambapo mkono unaweza kufika nyuma.

Chanzo cha pili hakizingatiwi ipasavyo, nacho ni joto. Plastiki hutanuka kuliko chuma: kipande cha ABS chenye urefu wa mita 1.7 hubadilika urefu kwa takriban milimita 5 kati ya asubuhi yenye baridi na mchana ambapo jua limekipasha nyuzi 40 zaidi. Splita iliyobanwa barabara kwa bolti 8 haina pa kwenda, kwa hiyo hujikunja kama wimbi kati ya bolti mbili, au hupasuka kwenye tundu. Dawa yake ni tundu la katikati tu kuwa la kukaza kabisa, na mengine yote kurefushwa kuelekea pembeni, kwa milimita 3 hivi, ili bolti iteleze ndani yake. Mtu akilalamika kwamba splita yake inajikunja mchana na kunyooka usiku, hana haja ya kutafuta zaidi. Nyuzi za kaboni karibu hazitanuki kabisa, lakini bampa la plastiki linaloshikana nazo linatanuka, na hivyo matundu marefu yanahitajika hata hapo.

Baadaye angalia umbali wa tundu kutoka ukingoni. Uwe angalau mara 2 ya kipenyo cha bolti, na 3 ni bora. Ufa mfupi unaweza kuzuiwa usiendelee kwa kutoboa tundu la milimita 3 kwenye ncha yake, kisha kuunganisha kwa resini na kitambaa cha faibaglasi kwa upande wa ndani. Ufa unaofika ukingoni au unaounganisha matundu mawili haurekebishwi kwa njia hiyo: ondoa splita kabla ya kuendesha tena, maana kipande kinachokatika gari likiwa kasini huingia chini ya tairi lako au kumfikia aliye nyuma.

Splita inatetemeka, inapiga kelele au inapinda gari likishika mwendo

Anza na mikono. Gari likiwa limesimama, shika ukingo wa mbele katikati uusukume juu na chini, kisha rudia kila kona. Ukiona splita inasogea peke yake bila bampa, kuna bolti iliyolegea au tundu lililopanuka. Ukiona splita na bampa vinasogea pamoja, tatizo ni lile la mwanzo: mzigo unashikwa na ngozi. Kwa ukaguzi huu mmoja utajua njia ya kufuata, nami sishauri mtu kununua chochote kabla ya kuufanya.

Katika hali ya kwanza, weka alama ya rangi kwenye kila nati na kichwa cha bolti baada ya kukaza, endesha kilomita 50 hivi kwa mwendo wa kawaida, kisha uangalie alama iliyosogea. Nati ambayo imewahi kufunguliwa mara nyingi mpira wake huwa umekwisha, na hubadilishwa. Ribiti zilizolegea hazikazwi. Huondolewa na kuwekwa bolti.

Katika hali ya pili, splita inahitaji kufikishwa kwenye chuma. Fimbo mbili nyembamba za kurekebishika zinazoonekana mbele ya magari ya mashindano hazikuwekwa kwa mapambo: hewa inapolikandamiza bamba, fimbo huvutwa, na chuma chembamba huvumilia sana kuvutwa. Lakini kosa linalorudiwa na wengi ni kuzifunga ncha za juu za fimbo hizo kwenye ngozi ya bampa au kwenye wavu wa plastiki, na hapo huwa zimehamisha tatizo kutoka chini kwenda juu. Toboa wavu ili fimbo ipite, kisha uifunge kwenye bano lililoshikwa na bolti ambazo tayari zipo karibu na boriti. Usitoboe boriti yenyewe, wala usiichomelee, kwa sababu utakuwa umebadilisha jinsi inavyokunjika gari linapogongana. Ukingo wa nyuma wa splita nao unahitaji mahali pa kushika, kwa kawaida kwenye fremu ndogo inayobeba injini, vinginevyo mbele itakuwa imara na nyuma itapigapiga.

Fimbo zinapofungwa zikiwa na mvuto usio sawa, splita hukaa mshazari. Rekebisha kwa kupima kutoka sakafuni kona zote mbili, kisha kaza nati za kufungia.

Ikiwa kila kitu kimeshika na bado kuna mtetemo, weka pima maji juu ya bamba kuelekea mbele na nyuma. Ukingo wa mbele uwe sawa na wa nyuma au chini yake kidogo sana. Ukiwa juu, hewa huingia chini na kuliinua bamba badala ya kulikandamiza, na kuinuliwa huko huja kwa mapigo. Hiki ni chanzo adimu kuliko vile vingine, lakini ndicho cha hatari zaidi. Mwishowe, kama mtetemo unausikia kwenye usukani na hauko kwenye bampa, acha kuitafuta splita: magurudumu, balansi ya tairi au viungo vya usukani vinahitaji fundi.

Splita inakwaruza chini au tairi linaigusa

Mkwaruzo hupimwa kabla ya kufunga. Chukua umbali kutoka mahali tairi la mbele linapogusa ardhi hadi ukingo wa mbele, na kimo cha ukingo huo. Gari lenye umbali wa milimita 900 na kimo cha milimita 120 hupanda mteremko wa takriban nyuzi 7.6, splita inayoongeza milimita 50 mbele na kushusha 30 hupunguza hadi nyuzi 5.4, na gari lililokuwa likipita mahali fulani kila siku litaanza kugonga hapo hapo. Ukiona mikwaruzo imekaa kona moja tu, angalia springi na upepo wa tairi za upande huo kwanza. Vipande vya plastiki ngumu vinavyofungwa chini ya ukingo huchukua mkwaruzo badala ya bamba, nao hubadilishwa vikilika.

Kuhusu tairi, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kisha rudi nyuma kidogo huku usukani ukiwa umekunjwa. Kwa kawaida kona za splita zimezidi kuingia kwenye nafasi ya gurudumu, na hukatwa. Acha nafasi ya kutosha, kwa kuwa gari likizama kwenye shimo au likifunga breki, tairi hupanda na kubadilisha mstari wake. Ukikuta ubavu wa tairi umekatwa hadi nyuzi kuonekana, usiliendeshe gari hata kwa mwendo mdogo. Tairi hilo hubadilishwa.

Joto la injini linapanda baada ya kufunga

Kwanza angalia kama ile plastiki ya chini ya injini na zile za pembeni mwa rejeta zilirudishwa, kwa sababu huondolewa wakati wa kufunga na mara nyingi hubaki sakafuni. Zikikosekana, hewa huizunguka rejeta badala ya kupita ndani yake. Pili, angalia kama bano au splita yenyewe imeziba sehemu ya wavu wa chini. Tatu, kama uliweka bamba linaloendelea nyuma hadi chini ya injini, hewa moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta haina pa kutokea, na bamba hilo linahitaji kufupishwa au kukatwa nafasi.

Kimebaki chanzo kimoja ambacho ni kazi ya fundi moja kwa moja: keekee iliyokwenda mbali kuliko ilivyokusudiwa. Kondensa ya kiyoyozi hukaa mbele kabisa, na katika magari mengi ni sentimita chache tu kutoka kwenye bampa. Mlio wa gesi, unyevu wa mafuta mahali ulipotoboa, au kiyoyozi kilichoacha kupoza siku ile ile ni ishara tosha. Usijaribu kuziba. Gesi hiyo huunguza ngozi kwa baridi na mfumo wake hujazwa kwa mashine maalumu. Maji ya rejeta yakivuja, zima injini, na usifungue kifuniko mpaka ipoe kabisa.

Taa za onyo na sensa

Sensa za kuegesha zikilia bila kitu mbele, huenda mawimbi yake yanarudi kutoka kwenye bamba linalochomoza. Safisha sensa, hakikisha soketi zake zimeingia, kisha jaribu kuirudisha splita nyuma kidogo. Taa za ukungu zisipowaka, aghalabu ni soketi iliyosahauliwa bampa lilipoondolewa.

Onyo la rada ya mbele ni jambo jingine. Rada ikisogea hata kidogo wakati bampa linatolewa, huona barabara mahali isipokuwapo, na breki za dharura hutegemea inachokiona. Urekebishaji wake hufanywa kwa vifaa vya karakana. Taa ya mifuko ya hewa ikiwaka nayo, usiguse waya wowote mbele ya gari wala kuupima kwa mita: baadhi ya magari yana sensa za mgongano karibu na boriti, na mengine yana mrija wa kutambua mtembea kwa miguu nyuma ya bampa, mahali hasa ambapo skrubu ndefu hufika.

Nyuma ya gari inakuwa nyepesi katika mwendo mkubwa

Dalili hii huelezwa na waliofanikiwa kufunga vizuri. Splita inayofanya kazi huongeza uzito wa hewa mbele peke yake, na ikiwa nyuma hakuna bawa la kulingana nayo, tairi za nyuma hushika kidogo kuliko za mbele, hasa kwenye kona ndefu za kasi. Pima upepo wa tairi za nyuma na uangalie kashata zake, kwa kuwa hizo ni rahisi na huleta hisia ile ile. Zikiwa sawa, usirudie barabarani ili kuthibitisha. Irudishe splita nyuma ipunguze kuchomoza kama matundu yanaruhusu, au iondoe, uzibe matundu kwa vizibo vya mpira ili maji na matope yasiingie nyuma ya bampa, na uirudishe tu pale mtu anayeelewa usawa wa hewa wa gari zima atakapokuwa amelipima gari kwenye uwanja uliofungwa.